Njia Kumi na Mbili za Kichwa cha Mishi

Hadithi hii ina mguu mmoja wa kweli na mmoja wa uongo, ndiyo maana inachechemea. Atakayeutambua ule wa kweli namwomba asiunyooshee kidole, maana mimi nina watoto wa kulea.

Kulikuwa na nchi moja, mbali sana na hapa, mbali kabisa, hata ramani yake sinayo. Watu wake walikuwa wema, mvua yao ilikuwa ya wastani, na serikali yao iliwapenda mno. Iliwapenda mpaka wakaandika barua kuomba wapendwe kidogo kidogo, lakini barua ilikosa muhuri ikarudishwa.

Basi siku moja Mtukufu Kiongozi wa nchi hiyo aliamka, akachungulia dirishani, akaona vijana wawili. Mmoja amebeba ndoo ya maji, jasho linamchuruzika. Mwenziwe amekaa juu ya jiwe, anatupia kokoto dimbwini. Mtukufu akasikitika. Yule wa kwanza anafanya kazi mno, akasema, na yule wa pili anacheza mno. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba wale ni ndugu na wanapokezana ndoo. Kufika saa ya chai kukawa na sheria, na kufika magharibi sheria ikawa na wizara.

Ikaitwa Wizara ya Mizani ya Vijana. Juu ya kila tangi la maji kukafungwa king'ora. Kikilia mara moja, kila mwenye umri kati ya miaka kumi na mitatu na kumi na tisa anaingia katika Wajibu. Kikilia mara mbili anaingia katika Burudani, na ole wake atakayeingia huko na sura ya kazi. Wazee walikuwa na msemo wao, kazi na dawa, nao ukapigwa marufuku, kwa kuwa uliwapa vijana fikra kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa chumba kimoja.

Matokeo yalikuwa mazuri sana, mimi nasifu tu. Kijana mmoja wa mtaa wa juu alikutwa akipasua kuni huku anapiga mluzi. Akaambiwa kwa upole achague, mluzi au kuni. Akachagua mluzi, akakamatwa kwa kutelekeza kuni. Binti mwingine alicheka akiwa anakoroga uji. Kicheko kikachukuliwa kuwa ushahidi na uji ukachukuliwa pia, ila uji haukurudi kutoka ofisini.

Tukae aliishi mtaa wa chini, na kwa muda mrefu hakuna aliyemgusa.

*

Tukae alikuwa na miaka kumi na sita na vidole kumi ambavyo mtaa mzima ulivijua. Asubuhi vilichota maji na kusugua masufuria, mchana viliwaogesha wadogo zake pacha, jioni vilichambua mchele. Mama yake, Bi Mwanamvua, alikuwa mjane anayekaanga kachori sokoni tangu alfajiri, kwa hiyo nyumba iliegemea vidole hivyo, navyo havikulalamika.

Cha kwake mwenyewe Tukae kilikuwa kimoja tu. Kila Jumamosi baada ya saa nane alikaa kibarazani kwao, na Mishi wa nyumba ya pili akakaa chini katikati ya magoti yake, kichwa kimeinama, chanuo linapita, mafuta ya nazi yananukia, na midomo miwili haifungwi. Walianza wakiwa na miaka sita, wakati Tukae alikuwa hajui kusuka na Mishi alikuwa hajui kukaa. Wenye kusukana wanajua siri ya jambo hili. Anayesuka hamwoni mwenziwe usoni, na anayesukwa hamwoni anayesuka, kwa hiyo hakuna neno linaloona haya kutoka. Tukae alikuwa amekieleza kisogo cha Mishi mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu yeyote mwenye macho.

Jumamosi ninayoisimulia ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mishi alichaguliwa kwenda shule ya bweni ya Nyuma ya Milima, safari ya siku mbili, na lori la kuwachukua wasichana lilikuwa linakuja Jumatatu asubuhi. Tukae hakuchaguliwa. Shule ile ilikuwa na masharti: kila msichana afike amesukwa twende kilioni, njia kumi na mbili, zisizidi wala zisipungue. Atakayefika na kichwa cha namna nyingine ananyolewa langoni mbele ya wenzake, na atakayekataa wembe anarudi na lori lile lile. Basi Tukae alikuwa na njia kumi na mbili za kusuka na mchana mmoja wa kusema maneno ya miaka mingi, na vyote alivitaka viishe pamoja.

"Wee Mishi, tulia bwana!"

"Unanivuta, shoga! Unataka kuning'oa ubongo niende shule bila?"

"Ubongo gani? Ule uliokuwepo ulishaumaliza kwenye mtihani."

Wakacheka mpaka chanuo likadondoka. Kisha Tukae akagawa nywele za njia ya saba.

"Utanisahau," akasema.

"Nitakusahauje, na kichwa changu kimekulia mikononi mwako?"

"Huko kuna wasusi."

"Huko kuna wasusi, ndiyo. Lakini Tukae wapo?"

Tukae akapitisha chanuo. Alikuwa na la kusema, tena refu, na alikuwa ameshafungua mdomo, kivuli kilipoanguka juu ya vidole vyake.

*

Kilikuwa kivuli cha Bwana Chwaya, Afisa Mizani wa Mtaa. Zamani Bwana Chwaya aliuza mkaa, na mizani yake ilijulikana kata nzima kwa jinsi ilivyopinda. Serikali ilipotafuta mtu mwenye uzoefu na mizani, hakupatikana mwenye jina kubwa kumzidi.

"Shikamoo, Bwana Chwaya."

"Marahaba. Hii ni saa ya Burudani."

"Ndiyo, Bwana Chwaya."

"Mbona mnafanya kazi?"

"Hatufanyi kazi," Tukae akasema. "Tunasukana."

"Kusukana ni burudani?"

"Burudani wapi!" Mishi akadakia kutoka chini. "Kichwa kinaniwaka moto!"

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, nao walikuwa wanamsema Mishi kabla hajazaliwa. Bwana Chwaya alitoa kitabu chake cha majedwali, akalamba kidole, akaanza kutafuta. Kuparua samaki, Wajibu. Kurusha tiara, Burudani. Kukimbiza kuku kulikuwa pande zote mbili, kutegemea kama kuku anachinjwa. Akafika kwenye kusuka: kusuka mkeka kupo, kusuka kamba kupo, kusuka ukili kupo. Kichwa hakimo. Akageuza kitabu juu chini, akakikung'uta, labda kichwa kimekwama kati ya kurasa. Hakimo.

Jasho likamtoka afisa wa watu. Miaka yote ile ya utumishi hakuwahi kukutana na tendo lisilo na jedwali.

"Msitikisike!" akapiga ukelele. "Kifungu cha tisa! Tendo lisilo na jedwali lisiendelee, lisiachwe, wala lisibadilike, mpaka liainishwe na mamlaka husika."

Tukae alikuwa ameshika mapande matatu ya nywele kati ya vidole, mkono umeganda hewani. "Lisiendelee wala lisiachwe?" akauliza. "Sasa mimi nifanye nini, Bwana Chwaya?"

"Hicho hicho unachokifanya," akajibu Bwana Chwaya, "bila kukifanya."

Akatoa utepe mwekundu mfukoni, akawazungushia wote wawili pamoja, akaandika kwenye kikadi, Kielelezo Namba Moja, akakining'iniza kwenye sikio la Mishi.

Saa kumi king'ora kikalia mara moja. Mtaa mzima vijana waliacha kucheka kwa mpigo mmoja, wakashika mifagio. Masufuria ya kina Tukae yalikuwa yamelala uani tangu adhuhuri, yanamngoja. Tukae akajaribu kuinuka.

"Wapi?" akauliza Bwana Chwaya.

"Masufuria."

"Ukienda, tendo litakuwa limeachwa."

"Nisipokwenda?"

"Utakuwa umekwepa Wajibu. Usijali, nimeshaandika makosa yote mawili, tusipoteze wakati."

Ndipo Bi Mwanamvua alipofika kutoka sokoni, karai tupu kichwani. Akasimama, akatazama.

"Lo! Nani kamfunga mwanangu utepe kama zawadi ya arusi?"

"Kwa sasa si mwanao, mama. Ni kielelezo."

"Kielelezo!" Bi Mwanamvua akatua karai. "Nimebeba kielelezo tumboni miezi tisa? Haya, na kielelezo kitaosha vyombo saa ngapi?" Asisubiri jibu, akaenda uani, akainama, akashika sufuria la kwanza.

"Mtu mzima haruhusiwi kumaliza wajibu wa kijana," Bwana Chwaya akasema kwa huruma kabisa. "Utamharibu."

Bi Mwanamvua akaliweka sufuria chini polepole. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, akasema, akaketi kwenye kizingiti na kanga yake mdomoni, akimtazama mwanawe ambaye hawezi kumfungua na vyombo ambavyo hawezi kuviosha. Nzi peke yao ndio waliokuwa huru nyumbani mle.

Jua lilipozama Bwana Chwaya alionyesha utu. Akaleta chaki akachora mstari kuzunguka makalio ya wasichana wote wawili, ili kesho warudi pale pale. Njia ya saba akaibana kwa kibanio cha nguo, akayeyushia nta juu yake, akaigonga muhuri wa Wizara.

"Nendeni mkalale. Lakini muhuri huu ukivunjika, nafasi ya shule inafutwa. Na wala asitokee mtu mwingine wa kujitia kukimalizia. Kichwa hiki sasa ni mali ya uchunguzi."

Mishi akaenda kwao akitembea kama aliyebeba mtungi, asithubutu hata kupiga chafya.

*

Jumapili asubuhi ikaja Tume ya Uainishaji, watu tisa na viti vyao. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Mbwezeleni, aliyekwenda ng'ambo kusomea kicheko kwa miaka saba na kurudi bila hata kimoja. Wasichana wakaketishwa ndani ya chaki. Karani akakaa hatua mbili kutoka kwao, kalamu imeelekezwa midomoni mwao, kwa amri ya kuandika kila neno litakalotoka.

Profesa akasafisha koo. "Taifa lisilojua vijana wake wanafanya nini wanapofanya wanachokifanya," akasema, "ni taifa ambalo limefanya nini?" Wajumbe wakapiga makofi. Kisha akamgeukia Mishi.

"Binti, unaposukwa, unaumia?"

"Naumia."

Karani akaandika, Wajibu.

"Na huwa unacheka?"

"Nacheka."

Karani akafuta, akaandika, Burudani.

"Unaumia kwanza halafu unacheka, au unacheka kwanza halafu unaumia?"

"Vyote kwa pamoja."

Karani akaomba kalamu nyingine. Profesa akahamia kwa Tukae.

"Wewe, nani alikutuma kumsuka?"

"Hakuna aliyenituma."

"Basi ni Burudani. Ukimwacha alivyo, itakuwaje?"

"Watamnyoa, Profesa. Watamnyoa mbele za watu."

"Basi ni Wajibu. Sasa jibu vizuri, hapa ndipo penyewe. Una hiari ya kutomsuka?"

Tukae akafikiri. Alijua kila jibu lina mlango, na kila mlango una Bwana Chwaya nyuma yake. Lakini alikuwa amechoka na mkono ulikuwa unamuuma, akasema kweli.

"Sina."

"Ahaa! Nani anakulazimisha?"

"Nampenda."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akanong'ona, neno hilo liko jedwali gani? Majedwali yakafunuliwa, kurasa zikapepea kibaraza kizima kama kuku waliovamiwa. Wakatafuta mpaka saa sita. Walikuta kupenda chumvi kupita kiasi, ambako ni kosa la kiafya, na kupenda nchi, ambako ni pande zote mbili, saa zote. Zaidi ya hapo hakuna.

Siku nzima ile magoti ya Tukae yaligusa mabega ya Mishi, na hawakusemezana hata neno moja. Wangesema nini, na karani yule ameinama pale kama fundi saa? Kila Tukae alipovuta pumzi ya kuanza, kalamu iliinuka. Maneno yakarundikana kifuani mwake na siku ikawa inakwisha. Akaona jua limehamia ukuta wa pili, akajua kwamba kesho kama saa hizi kisogo hiki kitakuwa njiani, na machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Samahani," karani akasema, "hayo ni ya Wajibu au ya Burudani?"

Profesa akafunga faili. Alisema jambo lenyewe lina kina kirefu, na kwa kina kama hiki anahitajika Waziri.

*

Jumatatu lori lilifika mapema. Wasichana wengine walikuwa wameshapanda, kila mmoja na njia zake kumi na mbili, na dereva akawa anapiga honi kila baada ya dakika. Begi la Mishi lilikuwa juu ya lori. Mishi mwenyewe alikuwa ndani ya chaki, na kibanio kisogoni.

Mheshimiwa Waziri Bi Sikudhani akashuka kwenye gari refu. Watu wote walimtazama viatu. Tukae alimtazama kichwa. Kilikuwa na nywele zimesukwa nyembamba kama uzi, mamia, zimemiminika mpaka mabegani. Kazi ya saa kumi hiyo, Tukae akawaza, tena ya mtu mmoja. Upande wa kulia ulikuwa mwepesi na mzuri. Upande wa kushoto ulikuwa umevutwa kwa hasira. Karibu na shingo mgawanyo ulikuwa umepinda, pale mkono ulipochoka na hakuna aliyesema pumzika. Tukae akajua kama anavyojua jina lake kwamba juu ya kichwa kile hapakusemwa neno.

"Wananchi," Waziri akasema, "nimekuja mwenyewe. Kwa nini nimekuja mwenyewe? Kwa sababu sikutuma mtu." Makofi. "Serikali yenu inawaza juu ya kichwa hiki usiku na mchana. Wengine wangesema, ah, nywele! Sisi hatudharau. Leo utaiacha nywele isiyo na jedwali, kesho utakuta kijana mzima hana jedwali!"

Makofi tena. Kisha akamwinamia Tukae na kusema kwa upole wa mama.

"Binti yangu, Tume imeshindwa, kwa hiyo utachagua wewe. Ukisema ni Burudani, tutaandaa kibali cha kusukana. Kibali huchukua siku arobaini, na lori hili halina siku arobaini. Ukisema ni Wajibu, mwenzio atamalizwa sasa hivi. Ila utakuwa umekiri kufanya Wajibu saa ya Burudani, na adhabu yake unaijua."

Tukae aliijua. Hakuna Burudani mpaka mtu atimize miaka ishirini. Hakuna kibaraza, hakuna Jumamosi, hakuna kukaa na mtu. Akamtazama mama yake, na mama yake akatazama pembeni kwa sababu hakuwa na la kumpa. Honi ikalia.

"Mheshimiwa," Tukae akasema, "naomba kuuliza kabla sijachagua."

"Uliza, mwanangu."

"Aliyekusuka wewe alikuwa katika Wajibu au alikuwa katika Burudani?"

Weee! Hata dereva alisahau honi. Bwana Chwaya alirudi nyuma akaingia kati ya masufuria. Profesa akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Bi Mwanamvua akafumba macho.

Waziri akainua mkono, akagusa nywele zake pale kushoto, palipovutwa.

"Sikumuuliza," akasema. Alisema kwa sauti ndogo, na nadhani hilo ndilo neno pekee alilolisema siku ile bila kuandikiwa.

Kisha akakumbuka yeye ni nani. Akageuka, akatabasamu kwa umati. "Wananchi! Binti huyu amelisaidia taifa! Kuanzia sasa kusuka kichwa ni Wajibu, tena Wajibu wa Taifa! Na kwa kuwa maongezi yako katika jedwali la Burudani, kutafanyika kimya! Binti huyu amesamehewa makosa yote matatu, pamoja na hilo la kuuliza, na kwa vidole vyake hivi namteua kuwa Msusi wa Wizara!"

Umati ukaambiwa upige vigelegele, ukapiga. Bi Mwanamvua naye alipiga chake, kikamkwama katikati.

"Endelea, mwanangu," Waziri akasema. "Tuone."

Bwana Chwaya akavunja nta, akatoa kibanio. Profesa akashika saa. Na Tukae akaanza pale alipoachia Jumamosi, katikati ya njia ya saba, watu mia mbili wanamtazama vidole, na midomo miwili, wake na wa Mishi, imefungwa kwa sheria mpya iliyokuwa na umri wa dakika tatu. Njia ya nane. Njia ya tisa. Alijaribu kwenda polepole, lakini Profesa akagonga saa yake kwa kucha. Hakumwona Mishi usoni, ila alijua analia, kwa sababu ngozi ya kichwa ilikuwa inajikaza na kuachia chini ya vidole, kila njia. Alitaka kumwambia usilie. Alitaka kumwambia nakuonea wivu, na nakupenda, na naogopa kubaki. Akasuka. Njia ya kumi na mbili ilipofika mwisho akaifunga ncha, akaishika kwa muda kidogo zaidi kuliko ilivyohitajika, na Bwana Chwaya akakata utepe.

Mishi alipandishwa juu ya lori na wanaume wawili kabla hajageuka vizuri. Vumbi likatua. Kule Nyuma ya Milima, nasikia, walikagua kichwa kile langoni wakakisifu, wala hakuna aliyeuleta wembe.

*

Tukae akapewa koti la kijivu, kiti chenye magurudumu na chumba katika ofisi ya kata. King'ora kilipolia mara moja alisuka, na kilipolia mara mbili aliacha, hata kama ni katikati ya njia. Walikuja wake wa maafisa, mabinti wa maafisa, na wakwe wa maafisa waliotoka mbali. Walichukua namba, wakakaa, wakainamisha vichwa, hakuna aliyesema kitu. Masufuria ya nyumbani alioshewa na mama yake kwa kibali maalumu. Watu wakamwambia una bahati, mtoto wa watu, umetoka. Naye aliitikia, maana ndivyo mtu anavyoitikia.

Burudani pia alipewa, hakunyimwa. Fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya kujaza, na ilikuja imeshajazwa: Kutazama Maua ya Bustani ya Wizara. Bustani ilikuwa na ua moja, ndani ya kopo. Alilitazama kwa miezi minane. Liliponyauka akatazama kopo, kwa kuwa fomu ilikuwa haijabadilishwa.

Mwezi wa tisa Mishi akaja likizo. Sheria ilikuwa wazi kabisa, hata mtoto angeielewa. Saa za Wajibu angeweza kuchukua namba akasukwa na Tukae, bila maongezi. Saa za Burudani wangeweza kuongea, bila kugusana vichwa. Mishi hakusita hata kidogo. Nywele kitu gani? Jumamosi saa nane, king'ora kilipolia mara mbili, alikuwa ameshafika mlangoni mwa bustani na nywele zake timutimu, anahema.

Bwana Chwaya mwenyewe alimwandikia Tukae ruhusa ya kuliacha kopo kwa saa mbili. Akawapangia viti kwa mujibu wa kanuni ya maongezi: uso kwa uso, umbali wa hatua moja, mikono juu ya mapaja. Akawaachia nafasi, akaenda kukagua watoto waliokuwa wanaruka kamba kwa foleni.

Wakakaa. Wakatazamana.

"Habari za huku?" Mishi akasema.

"Nzuri. Za huko?"

"Nzuri."

"Masomo?"

"Mazuri. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Naye msalimie."

"Zimefika."

Mishi akaangalia kopo. Tukae akaangalia mikono yake, ikabidi aikalie. Alijua moyoni kwamba ana mengi. Mishi naye alikuwa na mengi. Lakini kila neno lililotoka kifuani lilifika mdomoni likakuta macho ya mtu yanalisubiri, likaona haya, likarudi. Ilikuwa mara ya kwanza Tukae kumtazama Mishi usoni kwa muda mrefu hivyo. Aliona juu ya nyusi ya kushoto kuna kovu dogo, jeupe kidogo, la urefu wa punje ya mchele. Hakujua kama ni jipya, la huko shuleni, au lilikuwepo siku zote. Akaona aibu kuuliza.

"Mvua huko zimenyesha?" akauliza badala yake.

"Zimenyesha."

Bwana Chwaya akarudi na kitabu chake. Akasimama kando, akawakagua kuanzia viti mpaka mapaja, akaandika kwa mwandiko wa kuridhika: Wasichana wawili, wametulia, wanaburudika. Kisha akafunga kitabu, akawatazama kwa mapenzi ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya.

"Mnaona, wanangu, raha inavyopendeza ikikaa mahali pake?"

"Tunaona, Bwana Chwaya," wakajibu, na hilo ndilo neno pekee walilolisema pamoja mchana ule.